Bunduki Moja ya Kwenda Nayo Chunya

Mwindaji wa Kyela huanza kuwinda kwa safari. Wilaya yake ina mpunga unaosifiwa nchi nzima, ina kakao, ina usipa na mbasa wa Ziwa Nyasa, lakini haina pori la akiba hata moja. Anayetaka nyati au pofu kwa leseni lazima aupe mgongo ufukwe wa Matema, apande barabara ya Tukuyu katikati ya migomba na chai, apite Uyole na Mbeya mjini, avuke baridi ya Kawetere, ndipo ateremke Chunya na kuingia kwenye miombo inayoelekea Rukwa na Rungwa. Ametoka ardhi iliyo mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, amepanda hadi zaidi ya mita 2,000, kisha ameshuka tena. Safari ya namna hiyo haina nafasi ya bunduki tatu. Hata fedha zikiwepo, kila bunduki ina leseni yake, ada yake, ukaguzi wake na kufuli lake nyumbani. Walio wengi watamiliki moja, na hiyo moja ndiyo itakayompiga pongo wa kilo 50 leo na nyati wa kilo 700 kesho.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye bunduki msemo huo haufuatwi. Jembe baya litamchosha mkulima na jioni atarudi nyumbani. Bunduki isiyofaa itamwacha mnyama na jeraha kichakani, na mtu atalazimika kumfuata humo.

Kabla ya chuma, ruhusa. Leseni ya kuwinda si jambo geni upande huu wa nchi. Meli ya Wajerumani iliyoanza kuelea Ziwa Nyasa mwaka 1893 ilipewa jina la Hermann von Wissmann, aliyeongoza msafara wa kuileta vipande vipande kutoka pwani. Miaka mitatu baadaye Wissmann huyo huyo, sasa akiwa gavana, alitoa amri ya Mei 1896 iliyoweka masharti ya leseni kwa wawindaji wa koloni zima. Baada ya uhuru serikali iliufunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978. Leo mwindaji anaongozwa na sheria mbili: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, inayohusu mnyama, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayohusu bunduki yenyewe. Ya kwanza inakataza kuwinda usiku, kupiga kutoka ndani ya gari, kutumia sumu na kutega mitego. Ya pili inampeleka mwombaji polisi, na maombi yake hayasogei kama viongozi wa kijiji chake hawamjui kwa mwenendo mwema.

Uwindaji wa wenyeji nao umewahi kusimamishwa kwa muda. Kwa hiyo mtu aanzie ofisi ya wanyamapori na kituo cha polisi, aulize leseni zipo au hazipo mwaka huo, na kaliba gani, yaani upana gani wa mtutu, raia anaruhusiwa, ndipo aende dukani. Anayegeuza mpangilio huo anaweza kujikuta ana risiti ya bunduki asiyoweza kuisajili.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Kyela lazima aambiwe waziwazi, kwa sababu linamgusa kila msimu. Kiboko anayetoka mto Songwe, Kiwira au Mbaka usiku na kuingia kwenye mpunga si mawindo. Ni kweli anaharibu chakula cha nyumba nzima kwa usiku mmoja, na ni kweli anaua watu. Lakini kumpiga gizani, kwenye matope, kwa bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya swala, kunaweza kuwa kosa la sheria, na ni kujiweka mahali pabaya. Wa kuitwa ni ofisa wanyamapori wa wilaya au askari wa TAWA (mamlaka ya wanyamapori), wenye silaha, mamlaka na wenzao wa kuwalinda. Ushauri unaofuata ni wa mwindaji mwenye leseni, mchana, kwa miguu.

Sasa bunduki. Orodha ya wanyama ndiyo inayoamua, na orodha ya miombo ya Chunya na tambarare za Rukwa ni pana kupita kiasi. Funo hafiki kilo 20. Pongo na tohe wako kati ya kilo 40 na 80. Tandala mkubwa dume anafika kilo 250 na zaidi, kongoni ni mwepesi kuliko yeye, na pofu dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 700. Nyati naye ni wa uzito kama huo, ila ana mifupa mizito zaidi na tabia ya kutosahau. Bunduki moja iwatoshe wote hao, porini ambako mita 30 ndani ya matete na mita 200 kwenye mbuga hukutana siku hiyohiyo.

Wawindaji wengi huanza na .30-06, kaliba ya Kimarekani ya mwaka 1906, na hawakosei. Risasi yake ya gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa mita 820 hivi kwa sekunde, ikiwa na nguvu ya takriban jouli 3,900. Kwa pongo, ngiri, kuro, kongoni na hata tandala inatosha na inabaki. Teke lake ni la kuvumilika, hivyo mtu anajifunza kulenga vizuri badala ya kujifunza kuogopa. Asiyekusudia kamwe kumwinda nyati aishie hapo. Hana haja ya kubeba chuma kizito kwa sababu ya sifa.

Kwa anayemtaka nyati mlango huo umefungwa, na iliyoufunga ni kanuni. Tanzania inataka wanyama wakubwa na hatari, kama nyati na kiboko, wapigwe kwa kaliba isiyopungua .375. Hapo watu hutaja jina la mzee Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa Mauser ndogo ya milimita 7. Habari hiyo ni ya kweli, ila husimuliwa nusu. Bell alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Alipiga risasi ngumu zisizopasuka, aliwinda karibu kila siku kwa miaka, na aliwakuta tembo ambao hawakuwa wamezoea mlio wa bunduki. Mwalimu au mfanyabiashara wa Ipinda anayepata siku 6 za likizo kwa mwaka hana maisha ya Bell. Asiazime kaliba yake.

Kuna bunduki iliyokaribia sana kuwa jibu, nayo ina historia na nchi hii. Mwaka 1905 fundi wa bunduki wa Berlin, Otto Bock, alitengeneza risasi ya 9.3x62 akiwa na walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani ya Afrika akilini. Bunduki za Waingereza za wanyama wakubwa zilikuwa ghali, nyingi za mitutu miwili. Bock alitaka kitu kitakachoingia kwenye Mauser 98 ya kawaida, kwa bei ya mkulima. Risasi yake ya gramu 18.5 inasafiri kwa mita 720 hivi kwa sekunde, na imewaangusha nyati wasiohesabika kwa zaidi ya miaka 100. Teke lake ni la kistaarabu, na bunduki yake ni nyepesi. Kasoro yake kwa Mtanzania ni upana: milimita 9.3 ni .366 ya inchi, chini ya .375 kwa unene wa kucha. Porini nyati hatatambua tofauti hiyo. Ofisa anayekagua leseni ataitambua, na ndiye mwenye kalamu.

Inabaki .375 Holland & Holland. Ilitoka London mwaka 1912, na mwanzoni kampuni iliishikilia kama mali yake. Tangu Winchester ya Marekani ilipoanza kuiuza katika bunduki yake ya Model 70, mwaka 1937, imekuwa kaliba ya dunia nzima: viwanda vya Ucheki, Serbia, Ujerumani na Marekani vimeitengenezea bunduki za bei ya juu na za bei ya wastani. Risasi yake ya kawaida ina gramu 19.4, inatoka kwa mita 770 hivi kwa sekunde, na nguvu yake inapita jouli 5,700. Hapo nyati ameruhusiwa kisheria na ametoshelezwa kwa kweli. Jambo linaloipa .375 nafasi ya kwanza, hata hivyo, ni umbo la safari ya risasi yake. Iliyorekebishwa ipige sentimita 5 juu ya alama kwa mita 100, itakuwa imeshuka kiasi cha upana wa kiganja tu kwa mita 200. Kongoni aliyesimama mbali kwenye mbuga ya Rukwa hamlazimishi mwindaji kupiga hesabu. Na pongo mdogo akipigwa nayo haharibiki nyama kama watu wanavyodhani, kwa kuwa risasi nzito yenye mwendo wa wastani hupita bila kuchanachana kama nyepesi yenye mbio.

John Taylor, mwindaji wa Msumbiji na Nyasaland aliyeandika kitabu cha bunduki za Afrika mwaka 1948, aliisifu .375 kuliko kaliba zote za kazi mchanganyiko. Taylor alikuwa na mengi ya kubishaniwa. Katika hili bado hajapata mpinzani wa maana.

Vipi kaliba kubwa zaidi? Idara ya wanyama ya Tanganyika iliwapa askari wake .404 Jeffery kwa kazi ya tembo waharibifu, na baada ya mwaka 1956 .458 Winchester ikasambaa kila mahali. Hizo ni zana za mtu ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya mnyama aliyekwishakasirika. Mwindaji wa kawaida akizichukua, kwanza anapoteza umbali, kisha anapoteza bega. Teke la .375 lenyewe ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, na hapo ndipo watu wengi hufika ukingoni mwa uvumilivu wao. Dalili yake inaonekana mapema: mtu anafumba jicho kabla ya kuvuta triga, mtutu unainama, risasi inapiga chini na kushoto. Akiazimwa .458 ataongeza kelele bila kuongeza shabaha.

Dukani, au kwa mwenye bunduki iliyokwishatumika anayeiuza kihalali, mambo ya kutazama ni machache na yote ni ya kushika. Boliti ivutwe nyuma hadi mwisho, kwa nguvu, kama mtu aliye na hofu atakavyofanya. Katika mifumo iliyofuata Mauser 98, ukucha mrefu wa chuma huikamata risasi mara tu inapotoka kwenye magazini na kuishika hadi ganda litupwe nje. Ukucha huo uchunguzwe kwa kidole: uwe na ncha kali, usiwe umevunjika wala kulegea. Kisha mtutu utazamwe kwa ndani ukielekezwa kwenye mwanga wa dirisha. Mikato ionekane safi na yenye kung'aa hadi mwisho. Vidoa vyeusi kama ugonjwa wa mahindi ni kutu iliyokwishakula chuma, na hakuna mafuta ya kuvirudisha. Mdomo wa mtutu usiwe na pengo hata dogo, kwa kuwa ndiyo sehemu ya mwisho kuigusa risasi.

Halafu bunduki ipandishwe begani macho yakiwa yamefumbwa. Yakifumbuliwa, jicho likute alama za kulengea zimekwishapangana zenyewe. Kama shingo inabidi kuinama kuzitafuta, kitako hakimfai mtu huyo, hata bunduki iwe nzuri namna gani. Uzito wa kilo 4 hadi 4.5 ni wa haki kwa .375, nyepesi kuliko hapo inapiga teke kali, nzito kuliko hapo itaachwa kambini saa 5 asubuhi jua likishika.

Darubini iwe ya nguvu ndogo: inayoanza mara 1 au 1.5 na kuishia 4 hadi 6. Zile kubwa za kukuza mara 12 zinampa mwindaji wa matete picha ya nywele za mnyama, asijue ni za sehemu gani. Muhimu zaidi, iwekwe mbali na uso. Vidole vinne vikae kati ya jicho na kioo, la sivyo .375 itachora mwezi mwandamo juu ya nyusi kwa risasi ya kwanza, na damu itaingia jichoni wakati ambao jicho linahitajika kuliko siku zote. Iwe pia na vishikizo vya kuifungua haraka, na chini yake alama za chuma za kawaida ziwepo na ziwe zimejaribiwa. Barabara za Chunya zina mashimo ya kutosha kuisogeza darubini yoyote.

Kuhusu risasi, hapa ndipo fedha zitumike bila uchungu. Watu hubishana kaliba mwaka mzima kisha wananunua risasi ya bei ya chini kabisa. Zipo za aina mbili. Ya kwanza inapanuka ikiingia mwilini, nayo ni ya swala wote na ni nzuri kwa nyati pia ikiwa imetengenezwa imara, shaba na madini ya risasi vikiwa vimeshikamana au yote ikiwa shaba tupu. Ya pili ni ngumu, haipanuki, inapasua mfupa na kwenda mbele moja kwa moja. Hiyo ni ya nyati aliyejeruhiwa anayeonyesha mgongo au anayekuja, na kwa kuwa hupita hadi upande wa pili, haifai kabisa kupigwa penye kundi: nyati wa nyuma ataumia bila mtu kujua. Zote mbili zijaribiwe kwenye bunduki hiyo hiyo kabla ya safari, kwa sababu mara nyingi hazipigi mahali pamoja.

Shabaha isijifunzwe mezani tu. Bunduki ikisharekebishwa juu ya mifuko ya mchanga, mwindaji asimame. Apige akiegemea fimbo za kuegemezea mtutu, apige akiwa amepiga goti, apige mapafu yakitweta baada ya kupanda kilima. Risasi 40 zilizopigwa hivyo, kwenye uwanja ulioruhusiwa, ni ghali. Zinamnunulia kitu ambacho hakiuzwi dukani. Kigezo cha kujipima kiwe sahani ya chakula: asiyeweza kuipiga mita 100 akiwa wima, mara 5 kwa 5, asogee karibu zaidi na mnyama au asipige.

Nyati aliyesimama ubavu hupigwa chini kuliko macho yanavyotaka. Mwili wake ni mnene juu kwa sababu ya mifupa ya mgongo inayochomoza, na moyo umekaa chini kabisa kifuani, kati ya miguu ya mbele. Jicho lifuate nyuma ya mguu wa mbele kutoka tumboni kwenda juu, liishie theluthi moja ya kimo cha mwili. Hapo. Risasi ikiwa juu zaidi inapita kwenye nyama ya bega au inapiga pafu kwa juu, naye ataondoka mwendo wa kilomita kadhaa akiwa hai na akiwa na kumbukumbu. Akipigwa vizuri naye hukimbia, na mara nyingi hutoa mlio mrefu wa huzuni kabla ya kufa. Mwindaji angoje autulize moyo wake mwenyewe, ajaze magazini, ndipo afuate na askari wa wanyamapori akiwa pembeni yake. Mnyama akipotea na jeraha, taarifa itolewe siku hiyo hiyo. Kuna wanaokata kuni na kuchunga ng'ombe mapori hayo hayo.

Mwindaji akumbuke pia kuwa nyanda hizi zina kumbukumbu nzito kuliko nyati. Njombe, ng'ambo ya Milima ya Livingstone, simba walikula watu kati ya miaka ya 1930 na 1940, mamia kwa mamia, mpaka bwana nyama George Rushby alipowasaka na kuwaua mmoja mmoja. Anayemfuata tohe kwenye majani marefu anaweza kukutana na asiyemtarajia, na hapo faida ya bunduki moja inaonekana: mkono wake unajua usalama uko wapi, boliti inavutwaje, na risasi ngapi zimebaki, bila kutazama.

Safari ya kurudi ina hatari yake, ndogo lakini ya hakika. Kyela hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, na hata pasipo mvua hewa ya ziwa ni nzito kama ya jikoni. Kitako cha mbao hufyonza unyevu, kikavimba na kuusukuma mtutu. Mtu anashangaa kwa nini bunduki iliyopiga katikati Agosti inapiga pembeni Aprili. Kitako cha plastiki ngumu hakina uzuri wa mti wa jozi, lakini kwa mkazi wa Mwaya au Kajunjumele ndicho kinachofaa. Chuma kisichoshika kutu kwa urahisi kinastahili nyongeza ya bei.

Bunduki iliyolala kwenye baridi ya Mbeya ikifika Kyela jioni inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Matone hayo yako nje na ndani ya mtutu, chini ya darubini, ndani ya magazini. Wengi hufika wamechoka, huisukuma kabatini ikiwa ndani ya begi lake, na baada ya wiki mbili hukuta unga mwekundu kwenye boliti. Mwenye nayo aifungue kabla hajanawa kula. Atoe boliti, aache chuma kipate joto la nyumba kwa nusu saa, kisha apitishe kitambaa kikavu mtutuni, kifuatwe na chenye mafuta kidogo, kidogo tu, kwa kuwa mafuta mengi hushuka kwenye mbao na kuilainisha. Afute alama za vidole zote, maana jasho la mkono lina chumvi. Begi lianikwe kivyake, lisirudishiwe bunduki. Mwishowe ahesabu risasi zilizobaki na maganda aliyorudi nayo, alinganishe na idadi aliyoandika asubuhi ya kuondoka, afunge bunduki kwenye kabati la chuma, na risasi azifungie mahali pengine, kwa ufunguo mwingine.